Ukoo wa Mzee Abdallah: alama za albamu za roki

Idd: Shikamooni wakubwa 🙏 Alama za wiki hii, kila albamu kati ya 10:
Sgt. Pepper's, Beatles (1967): 5
The Dark Side of the Moon, Pink Floyd (1973): 6
...And Justice for All, Metallica (1988): 7
In Utero, Nirvana (1993): 4
Be Here Now, Oasis (1997): 8
Death Magnetic, Metallica (2008): 9
Anayebisha aje na hoja, asije na umri 😅

Mjomba Seif: Marahaba. Kabla hatujabishana: umesikilizia nini, mara ngapi, na toleo gani?

Idd: Spika ya simu, na kazini hedifoni ya sikio moja. Mara moja kila albamu. Toleo sikuangalia, niligusa la juu kabisa.

Zuhura: Sikio moja 😂😂 Basi hiyo 5 ya Sgt. Pepper's ni ya nusu albamu. Izidishe kwa mbili tuimalize.

Mjomba Seif: Anatania lakini ndivyo. Mwaka 1967 wasikilizaji wengi Uingereza bado walikuwa na mashine za mono (sauti yote kwa njia moja), kwa hiyo Beatles na prodyuza wao George Martin walitumia muda wao kwenye miksi (uchanganyaji wa sauti) ya mono. Ya stereo (kushoto na kulia tofauti) ilifuata haraka haraka, na humo sauti ya kuimba au dramu zimesogezwa upande mmoja. Ukisikiliza kwa sikio moja, chombo hakipungui, kinatoweka kabisa.

Juma: Dawa ipo kwenye simu. Mipangilio, Ufikivu, kisha washa Sauti ya mono. Kushoto na kulia vinaunganishwa, sikio moja linapata vyote. Ukirudi masikio mawili uizime, la sivyo utashangaa mbona Pink Floyd wote wamebanana katikati.

Juma: Na "la juu kabisa" si jibu. Albamu hiyo ina mono ya 1967, stereo ya 1967, na miksi mpya ya 2017 aliyoifanya Giles Martin, mtoto wa George. Dramu na besi hazikai mahali pamoja kwenye hizo tatu. Andika mwaka wa toleo pembeni ya alama.

Idd: Sawa hiyo nimekubali. Justice je? Kuna ubaya gani kuipa 7?

Shangazi Rehema: Ubaya ni spika ya simu, mwanangu. Uzi mnene wa gitaa la besi unatoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi. Spika ya simu chini ya hezi mia mbili haina kitu cha maana. Sasa Justice ndiyo albamu inayolaumiwa kwa besi ya Jason Newsted, mpiga besi wa Metallica, kushushwa hadi haisikiki. Kwenye simu hukuona kasoro hiyo kwa sababu kwenye simu KILA albamu ni Justice.

Zuhura: 😂😂😂

Idd: Lakini besi ya "Money" ya Dark Side niliisikia kwenye simu hiyo hiyo, shangazi.

Shangazi Rehema: Ulisikia sauti zake za juu, akili ikajazia nota ya chini. Ndiyo maana unaweza kuiimba lakini haikusukumi kifuani. Mpangilio wa nota unaupata, uzito huupati. Na wewe unatoa alama za vyote viwili.

Mjomba Seif: Mimi inayonisumbua zaidi ni ile 9. Death Magnetic imebanwa mno. Kwenye masteringi (hatua ya mwisho ya kuandaa sauti kabla ya kutolewa) sehemu tulivu zilipandishwa, vilele vya dramu vikakatwa, kila kitu kikawa juu muda wote. Ndani ya daladala hilo ni faida, kelele ya injini haimezi chochote. Ukiisikiliza chumbani kwa hedifoni nzuri, dramu zinapasuka na kufikia wimbo wa tano sikio limechoka. Mwaka 2008 mashabiki wenyewe waligundua kwamba nyimbo zile zile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero hazikubanwa kiasi hicho, wakatia saini kudai masteringi ifanywe upya.

Idd: Kwa hiyo wote walioipenda ni viziwi?

Mjomba Seif: Sijasema hivyo. Nyimbo ni nzuri. Nasema 9 yako imechanganya utunzi na sauti kubwa. Albamu moja ikizidi nyingine hata desibeli moja tu, sikio halisemi "hii ina sauti kubwa", linasema "hii ni bora". Californication ya Red Hot Chili Peppers, 1999, ina ugonjwa huo huo, na zote mbili Rick Rubin ndiye prodyuza. 🤐

Juma: Kwenye Spotify washa usawazishaji wa sauti, uweke kiwango cha kawaida, siyo cha juu. Utaletewa karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa zote. Ila usidanganyike: kusawazisha kunashusha tu albamu yenye kelele, vilele vilivyokatwa havirudi. Ndiyo maana ikishushwa inasikika bapa kuliko In Utero.

Zuhura: Hapo pa In Utero niachieni. Mhandisi wa sauti Steve Albini aliirekodi Februari 1993 kule Minnesota, na dramu za Grohl zimeachwa na mwangwi wa chumba chenyewe. Mara ya kwanza unasikia ukali tu. Be Here Now ni kinyume chake: kiitikio kinakudaka mara moja, halafu dakika 71 za magitaa yaliyorundikwa. Magazeti ya Uingereza yaliimwagia sifa Agosti 1997, muda si mrefu yakageuka. Albamu ya Pinkerton ya bendi ya Weezer ilipita njia ya kinyume, ikapanda: jarida la Rolling Stone liliipa nyota 3 mwaka 1996, likaja kuipa 5 mwaka 2004. Usikilizaji wa mara moja unapendelea kiitikio.

Idd: Lakini si ukirudia chochote utakipenda? Hata wimbo wa tangazo la sabuni.

Shangazi Rehema: Hoja nzuri. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliionyesha mwaka 1968: kukutana na kitu tena na tena kunaongeza kukipenda. Kwa hiyo kurudia si tiba, kurudia SAWA ndiyo tiba. Zote mara tatu, siku tofauti. Ukiipa moja mara kumi na nyingine mara moja, umepima mazoea.

Shangazi Rehema: Na mara ya pili anzia katikati. Albamu za enzi ya CD ni ndefu, nyimbo za mwisho hukukuta umechoka, zinapunjwa alama bila kosa lao.

Juma: Isipokuwa Dark Side, shangazi! Ile nyimbo zimeungana. Ukitaka kuikata, kata pale santuri ilipogeuzwa, uanze na "Money". Idd, angalia pia programu yako isiwe inachanganya mpangilio wala kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Sekunde 6 za kufifisha zinaua maungio yote.

Idd: Ilikuwa imewashwa 😬 sekunde 12.

Juma: Yarabi.

Mjomba Seif: Hesabu yenyewe unafanyaje?

Idd: Naupa kila wimbo alama, najumlisha, nagawa kwa idadi.

Mjomba Seif: Ndipo 6 ilipotoka. "Speak to Me" ni dakika 1 hivi, "Time" karibu 7. Tuseme ya kwanza 5, ya pili 10. Kwa njia yako ni 7.5. Pima kwa dakika: 1×5 + 7×10 ni 75, gawa kwa 8, unapata 9.4. Kipande cha kuunganishia kisilingane na wimbo kamili.

Zuhura: Mimi hata kwa dakika sikubali. Albamu yenye nyimbo zote 7 na albamu yenye nusu 10 na nusu 4, wastani ni uleule. Ya pili ndiyo utaisikiliza tena mwakani.

Mjomba Seif: Hilo nalo kweli. Basi wastani uwe wa kuanzia, halafu aongeze au apunguze hadi 1 na aandike sababu.

Idd: Nafuta orodha. Mpya:
Death Magnetic, toleo 2008, hedifoni, kusawazisha kumewashwa, mara 0 kati ya 3. Alama: bado.
Nani ana hedifoni za waya?

Zuhura: Chukua zangu. Zirudi zikiwa na masikio yote mawili.