Walianza kuvuta sigara pamoja: mmoja anaacha kirahisi, mwingine anashindwa. Jeni inafanya nini hapo?

Mdadisi77
Wakuu, kila mahali nasoma kwamba uraibu wa sigara una mkono wa jeni, halafu maelezo yanaishia hapo. Chukua watu wawili walioanza siku moja, sigara ileile. Miaka 10 baadaye mmoja anavuta mbili kwa siku na akiamua kuacha anaacha. Mwingine nusu saa haipiti tangu aamke kabla hajawasha. Jeni inafanya nini hasa mwilini? Na kulijua hilo kunamsaidia nini anayetaka kuacha?

Kimeng'enya
Mkuu, anza na ini kabla ya ubongo. Nikotini ikivutwa hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hapo watu hawapishani sana. Wanapishana katika kuiondoa. Kwa wastani kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na kazi hiyo hufanywa zaidi na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) cha ini kinachoitwa CYP2A6, ambacho huigeuza kuwa kotinini. Jeni ya kimeng'enya hiki ina aina nyingi. Kuna zinazotoa kimeng'enya chenye kasi, kuna zinazotoa kilicho dhaifu, na wapo watu ambao kipande chote cha jeni hakipo.

Mwenye kimeng'enya dhaifu, sigara moja inamkalia muda mrefu, kwa hiyo huvuta chache na arosto yake huja taratibu. Mwenye kasi nikotini humwishia mapema, anawasha nyingine. Ndiyo maana muda kati ya kuamka na sigara ya kwanza unaeleza uraibu vizuri kuliko idadi ya sigara: usiku kucha ini limekuwa likifanya kazi bila kuongezewa kitu. Homoni nazo zimo. Estrojeni huongeza kasi ya kimeng'enya hiki, na ujauzito huiongeza zaidi.

Jeni ya pili ni CHRNA5, kwenye kromosomu ya 15. Hii hujenga sehemu ya kipokezi cha nikotini, yaani pale kwenye seli nikotini inaponasa. Dozi ikizidi, eneo dogo la ubongo liitwalo habenula hutoa ishara ya kukinai. Panya walioondolewa jeni hii waliendelea kujipa dozi kubwa ambazo wenzao walizikimbia. Watu wenye aina dhaifu ya jeni hiyo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi kwa siku.

Ila hakuna jeni moja "ya uraibu". Tafiti za mapacha huipa urithi takriban nusu ya tofauti iliyopo baina ya watu. Hiyo ni nusu ya tofauti katika jamii nzima, si nusu ya hatima ya mtu mmoja. Wengi hukosea hapo.

Nyuroni
Nyongeza fupi kuhusu dopamini, maana huitwa "kemikali ya raha" na jina hilo linapotosha. Katika majaribio ya Wolfram Schultz, nyani walipewa juisi baada ya taa kuwaka. Mwanzoni seli za dopamini zilishtuka juisi ilipofika. Baada ya mazoea zilishtuka taa ilipowaka, na juisi ikija zilitulia. Juisi ikikosekana, zilishuka chini ya kawaida. Kwa mvutaji, "taa" ni kikombe cha kahawa, kibiriti, mwisho wa chakula. Hamu hupanda na ishara, kisha hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo orodhesha ishara zako kabla ya siku ya kuacha, sio baada.

ZamuYaDawa
Kwenye matibabu, makosa mengi yako kwenye dozi.

Plasta ya nikotini (hubandikwa kwenye ngozi): anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Wa 10 au pungufu huanza na 14. Badilisha sehemu ya ngozi kila siku. Ndoto mbaya zikizidi, ivue wakati wa kulala.

Chingamu ya nikotini: sigara ya kwanza ikiwa ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, tumia ya miligramu 4, vinginevyo 2. Usiitafune kama chingamu ya kawaida. Tafuna polepole mpaka iwashe mdomoni, ibane kati ya shavu na fizi mpaka ladha iishe, rudia kwa nusu saa. Ukiimeza nikotini na mate, ini huiharibu nyingi kabla haijafanya kazi, na unabaki na kwikwi na kiungulia. Kahawa, soda na juisi ziepuke dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna, kwa sababu asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Plasta pamoja na chingamu hushinda kimojawapo peke yake. Na alichoeleza Kimeng'enya kina matumizi: jaribio la 2015 lilionyesha kuwa wenye kasi ya kawaida walifaulu zaidi kwa vareniklini (vidonge vya kusaidia kuacha sigara) kuliko kwa plasta. Kwa wenye kasi ndogo vyote viwili vilikaribiana, ila vareniklini iliwapa madhara zaidi.

Mdadisi77
Nimewaelewa vizuri, asanteni. Mbona wengine huvaa plasta vizuri lakini usingizi unapotea na mikono inatetemeka?

Kimeng'enya
Mara nyingi ni kahawa. Moshi wa sigara (moshi wenyewe, si nikotini) huchochea kimeng'enya kingine, CYP1A2, kinachovunja kafeini. Mvutaji huiondoa kafeini kwa kasi ya karibu mara mbili. Akiacha, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vinne vinakuwa kama vinane. Anadhani ni arosto, anarudi kwenye sigara. Punguza kahawa kwa nusu kuanzia siku ya kwanza.

ZamuYaDawa
Kweli kabisa, na hili ni zito zaidi kwa anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au teofilini (dawa ya pumu). Dawa hizo hupitia kimeng'enya hichohicho, kwa hiyo mtu akiacha sigara kiwango chake kwenye damu hupanda, na klozapini na teofilini zinaweza kufikia kiwango cha sumu. Daktari aambiwe kabla ya siku ya kuacha ili apange dozi upya. Plasta haiondoi hatari hiyo, kwa kuwa moshi umekoma.