Mrejesho: skonzi za matunda kwenye sigiri

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kwa nini skonzi zangu za matunda, zile za beking pauda, zinabaki bapa na ngumu, nami naoka kwenye sufuria yenye mchanga juu ya sigiri hapa Jinja. Asanteni sana nyote mliojibu.

Dada uliyesema siagi iwe baridi na unga usikandwe kama wa chapati, Mungu akubariki! Nilisugua siagi gramu 55 kwenye unga gramu 225 kwa ncha za vidole, nikatia sukari na maziwa, nikaukusanya tu, nikaubonyeza kwa kiganja hadi unene wa sentimita 2 na nusu. Glasi ya kukatia niliishindilia chini bila kuizungusha, kama kaka wa Mbale alivyoelekeza. Zimeumuka vizuri mno, na watoto wamezimaliza kwa chai kabla hazijapoa.

Mkaa juu ya mfuniko umesaidia nusu. Juu zimepata rangi, ila chini baadhi zinaungua bado. Nitapunguza moto wa chini nione.

Nanasi bichi halikufaa. Hata baada ya kulikamua lilitoa maji, katikati pakabaki pabichi. Nanasi lililokaushwa, ambalo kwetu linapatikana, nimelikata vipande vidogo nikachanganya na zabibu kavu: limekaa vizuri kabisa. Kwa unga huo, gramu 50 za matunda makavu zinatosha.