MREJESHO: Somo la umeme bila intaneti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza: niko mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Pili, shule haina intaneti, saketi za umeme nizifundisheje? Mkanishauri nipakue PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, nikiwa mjini.

Nimefanya. Laptopu moja, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Binti mmoja wa nyuma, asiyenyoosha mkono kamwe, alikuja mbele akakata waya kwa kipanya. Balbu ikazimika, darasa zima likaguna. Akauunga tena, akaongeza balbu ya pili kwa mfululizo, akaniuliza: “Mwalimu, mbona zote zimefifia?” Nilifurahi mno!

Dakika ya 25 umeme ukakatika. Tukamalizia na betri na balbu za tochi. Aliyesisitiza nibebe vifaa halisi, Mungu akubariki.