Nyembe za kisu cha gurudumu zinanimaliza hela, nyie mnafanyaje zidumu?

MamaViraka_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Nipo Tabata, nashona mashuka ya viraka, foronya na vitambaa vya meza kwa mabaki ya vitenge. Mabaki nayafuata Kariakoo kwa mafundi, mengine naletewa na mafundi wa huku mtaani. Mwaka jana niliacha mkasi nikaanza kutumia kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaobingirika kama tairi, wengine wanakiita rotari. Kwa kweli kimenipunguzia kazi. Shuka langu la futi sita kwa sita lina miraba 15 kwa 15, yaani 225. Kwa mkasi ilikuwa siku mbili na vidole kuvimba. Kwa kisu hiki naanza asubuhi, adhuhuri nimeshakusanya.

Shida ni nyembe. Natumia za milimita 45, moja nauziwa 8,000, na hainifikishi shuka la pili. Inaanza vizuri, halafu inaanza kuruka nyuzi. Napitisha, nainua kitambaa, nakuta bado kimeshikana kwa uzi mmoja hapa, mwingine pale. Narudia mara mbili, mara tatu, mwisho namalizia kwa mkasi. Mwezi uliopita nimebadilisha tano, ambayo ni elfu arobaini. Mteja ukimwambia bei imepanda kwa sababu ya wembe hawezi kukuelewa, na mimi nategemea kazi hii kulipa kodi ya chumba.

Naomba ushauri. Kuna namna ya kuzinoa? Kuna za bei nafuu zinazofaa? Au nirudi kwenye mkasi?

DadaPini
Pole sana mama. Usirudi kwenye mkasi kwanza. Kabla hatujakupa dawa naomba upime kitu. Chukua kitambaa tabaka moja tu, kata mstari mrefu kama sentimita 60 kwa mkono ule ule, bila kurudia. Kisha angalia nyuzi zilizobaki: zimebaki mstari mzima, au zimebaki kwa nafasi zinazolingana? Kama ni kwa nafasi, pima toka uzi mmoja hadi mwingine, utuambie.

MamaViraka_Tabata
Nimepima dada, tena mara mbili. Ni kila baada ya sentimita 14 na kidogo. Katikati pote imekata safi kabisa.

DadaPini
Basi wembe wako haujaisha makali, una pengo. Wembe wa milimita 45 ukizunguka mara moja unatembea milimita 141. Kila pengo linaporudi chini linaruka nyuzi mahali pale pale, ndiyo maana umepata 14 na kidogo. Ungekuwa butu pande zote ungeburuta kitambaa mstari mzima na ungelazimika kukandamiza.

Ufungue, uufute, kisha chukua kipande cha pamba, ukipitishe polepole kwenye ukingo ukivuta kuelekea nje, usivute kwa kufuata makali usije ukajikata. Pamba itanasa mahali penye pengo. Ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha utaona penyewe panang'aa kama nukta.

Pengo haliletwi na kitenge. Linaletwa na kitu kigumu: pini, zipu, kifungo, ukingo wa rula. Tuambie unatumia rula gani, na pini unazichomoa saa ngapi.

MamaViraka_Tabata
Pamba imenasa sehemu mbili! Ziko karibu karibu, sikuwahi kuziona.

Rula ni ya chuma, ile ya mafundi seremala. Pini huwa naziweka kando ya mstari kwa sababu mabaki yanateleza, nazichomoa nikishamaliza kukata.

KataNaShona
Hapo ndipo elfu arobaini yako inapokwenda. Wembe ule ni mwembamba, chini ya nusu milimita, na makali yake ni membamba zaidi. Ukigusa pini mara moja tu, umeshapoteza. Kwenye meza yangu ni marufuku pini na kisu kuwa pamoja. Pasi ndiyo inayoshika kitambaa: panga tabaka zako, zipige pasi zikiwa pamoja, zitashikana zenyewe. Juu weka kitu kizito, mimi natumia vikopo viwili vya maharage.

Na rula ya chuma iache. Ukingo wake ukipanda kidogo wembe unaukwangua, na ukiteleza unapanda juu yake. Rula za watengeneza viraka ni za plastiki nene inayopitisha mwanga. Dukani ni ghali, lakini nenda kwa mafundi wa mabango, wale wanaokata perspeksi. Wana mabaki. Mwambie akukatie kipande cha sentimita 15 kwa 60, unene milimita 3, ukingo uwe umesuguliwa laini. Mistari ya vipimo chora mwenyewe upande wa chini kwa kitu chenye ncha. Yangu ina mwaka wa nne.

Mzee_wa_Butterfly
Wanangu, mimi nimeshona miaka mingi kabla ya hicho kisu hakijafika huku. Nina jambo moja la kumwambia mama. Kama kitenge ni pamba tupu, mistari mirefu usikate kabisa. Piga mkasi kidogo pembeni, kisha chana kwa mikono. Pamba inachanika kwa kufuata uzi wake, unapata mstari ulionyooka bila wembe wala rula. Ukingo utajikunja kidogo, upige pasi. Ukishapata mistari ndipo unaingiza kisu kukata miraba. Nusu ya safari ya wembe umeiokoa.

MamaViraka_Tabata
Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria kabisa, na kuchana nilikuwa nachana nikiwa mdogo kwa mama. Je, kama chapa ya kitenge haikufuata uzi? Nitapata maua yamelala upande?

Mzee_wa_Butterfly
Marahaba mwanangu. Ndiyo, hapo maua yatalala. Kwa kitambaa cha chapa kubwa inayoonekana tumia kisu. Kuchana ni kwa vile vya rangi moja, vya madoa madoa, na vya kuzungushia ukingo wa shuka. Na polista usijaribu kuchana, itakuharibikia.

binti_kigamboni
Naongezea. Foili ya kufungia chakula. Unaikunja mara nne au tano, unaikata kwa wembe wako mara kumi hivi, makali yanarudi. Mimi nafanya kila wiki.

DadaPini
Binti, hilo lina ukweli lakini kidogo. Foili inasaidia kunyoosha makali yaliyolala upande na kutoa uchafu. Chuma kilichoondoka haikirudishi, kwa hiyo pengo la mama halitazibwa na foili hata akikata roli nzima. Kwa wembe ulioanza tu kuchoka, sawa, jaribu, hakuna hasara.

Kijana_Mbagala
Mbona mnazunguka sana, si ampelekee mnoa visu wa baiskeli? Wanapita kila siku, buku tu.

KataNaShona
Mkuu, tafadhali usimshauri hivyo. Nimeshafanya, wembe ukarudi umepinda na ukingo umegeuka bluu kwa moto wa jiwe. Chuma kikishapata moto hivyo kinalainika, makali hayakai tena. Na jiwe lile halisugui duara sawasawa, kwa hiyo upande mmoja unakata, mwingine unaelea juu ya kitambaa. Yule baba ananoa vizuri sana mikasi na visu vya jikoni, mpe hivyo. Kuna vifaa vidogo vya kunolea nyembe za duara, unauweka ndani na kuuzungusha kwa mkono. Nimetumia, vinaongeza siku chache kwa wembe butu, ila kwa wembe wenye pengo ni kazi bure.

fundi_wa_mapazia
Mama, umesema hainifikishi shuka la pili. Hata kwa pini, hiyo ni haraka mno. Kisu chako umewahi kukifungua chote ukakisafisha? Na mkeka wako wa kukatia una hali gani?

MamaViraka_Tabata
Nimekifungua sasa hivi baada ya kusoma swali lako. Chini ya wembe, kati yake na kinga ya plastiki, kuna tandiko la manyoya ya vitambaa, rangi zote, limekandamizwa limekuwa kama kipande cha blanketi. Nimelitoa kwa pini, unene wake kama kadi ya simu. Sikujua kama linaingia huko.

Mkeka ni ule wa kijani, naupenda kwa sababu una mistari. Katikati una mfereji, maana huwa nakatia hapo hapo siku zote.

fundi_wa_mapazia
Sawa, hayo ni mawili makubwa. Lile tandiko linausukuma wembe uinuke upande, na linauzuia kuzunguka. Wembe usiozunguka unakata kwa sehemu moja tu, kama kisu cha kawaida, na sehemu hiyo inakufa haraka. Ukishasafisha, weka tone moja la mafuta ya cherehani kati ya wembe na kinga, lienee, futa yaliyozidi, kisha kata kitambaa kisicho na kazi kwanza yasije yakachafua kitenge cha mtu. Nati usiikaze mpaka mwisho. Kaza, kisha legeza kidogo hadi wembe uzunguke ukiusukuma juu ya kitambaa bila kucheza pembeni. Fanya hivyo kila unapoanza shuka jipya, ni dakika mbili.

Mkeka ugeuze. Siku moja katia upande wa kushoto, siku nyingine kulia, au uuzungushe. Mfereji ukishakuwa mkubwa wembe unazama na kupita juu ya sehemu ngumu ya chini. Toa nyuzi zilizojaa kwenye mifereji kwa mswaki wa zamani. Na usiuache juani wala kuupigia pasi juu yake, joto letu hili linaupinda, na ukishapinda haunyooki.

binti_kigamboni
Huku kwetu karibu na bahari kuna tatizo la kutu pia. Wembe ukiuacha mtupu wiki moja unapata madoa. Zile mpya zinakuja na mafuta kidogo, msiyafute kama hamjaanza kuzitumia.

Mama_Kwilti_Sinza
Nataka kusema kuhusu hayo mafuta, kwa sababu yaliniponza. Nyembe za kwenye pakiti ya tano au kumi zimelaliana, na mafuta yale yanazigandisha mbili mbili. Nilifunga mbili kwa pamoja bila kujua. Kisu kikawa kizito, hakikati vizuri, nikaona nyembe mbovu, nikatupa. Nilikuja kugundua kwenye pakiti ya pili: nilihesabu zikawa pungufu, nikarudi kwenye kisu nikakuta zimo mbili. Kwa hiyo kila ukitoa wembe, usugue kwa kidole gumba kwenye sehemu ya katikati karibu na tundu, si kwenye ukingo, uone kama unatengana.

Kuhusu bei nafuu: hao Olfa wa Japani ndio waliotoa kisu hiki mwaka 1979, na nyembe zao zinakaa. Lakini nyembe nyingi za 45 za kampuni nyingine zinaingia kwenye mpini huo huo, angalia tu tundu la katikati lilingane. Mimi nina mipini miwili. Mmoja una wembe mzuri, ni wa miraba ya mwisho inayotakiwa iwe sawasawa. Mwingine una wembe wa bei rahisi, ni wa kupunguzia mabaki yaliyokaa vibaya na kukatia polista ya kujazia ndani, maana polista inakula makali kuliko pamba. Na ukinunua pakiti ya kumi ukagawana na wenzako watatu, wembe mmoja unakuja bei ya chini kuliko kununua mmoja mmoja. Mama wa Tabata, ukitaka tuchangishane, niandikie pembeni.

Hizo zenye mapengo usitupe. Weka alama kwa maka peni, ziwe za karatasi tu. Kwa pateni za manila na khaki zinafaa kabisa, pengo la uzi mmoja halisumbui karatasi.

KataNaShona
Na zikishindwa hata karatasi, naomba sana, msitupe wazi kwenye kiroba. Vijana wanaozoa taka mitaani wanashika viroba kwa mikono mitupu. Chukua kopo la maziwa ya watoto, toboa mfuniko mwanya mwembamba, uuzungushie gundi ya karatasi, uwe unadumbukiza humo. Langu halijajaa kwa miaka mitatu. Na kisu kikifungwa, kifungwe kila mara unapokiweka mezani, hata kama unaenda tu kuzima jiko. Mdogo wangu alishonwa nyuzi nne kwa wembe butu aliokuwa anaukandamiza kwa nguvu, ukateleza.

MamaViraka_Tabata
Wapendwa nimerudi, zimepita wiki tatu. Rula ya perspeksi nimekatiwa na fundi mabango, kanipa kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu. Pini nimeziondoa mezani, napiga pasi. Mistari ya vitenge vya madoa nachana kama mzee alivyosema, na sauti yake wajukuu wameipenda. Wembe mpya niliofunga siku ile nimemaliza nao shuka mbili, leo niko shuka la tatu, mraba wa 90. Nimepima tena kwa kitambaa cha sentimita 60: hakuna uzi uliobaki.

Zile tano za zamani nilikuwa sijazitupa. Nimezipitisha kwenye pamba moja moja. Nne zina mapengo, nimeziandika KARATASI. Ya tano haikunasa popote, ilikuwa imejaa manyoya tu. Nimeifuta, nimeipaka mafuta, iko kwenye kiboksi chake inasubiri zamu.

Mama wa Sinza, nimekuandikia pembeni. Niko tayari kuchangia pakiti, na jirani yangu anayeshona foronya naye anataka mbili.