Tunahamia Morogoro na watoto wadogo, mume anaenda kusoma SUA. Tukae mtaa gani?

MamaWawili_Tabata

Habarini wapendwa, shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri hasa kwa mnaoishi Moro au mliowahi kuishi pale mkiwa na watoto wadogo. Mume wangu amepata nafasi ya kusoma PHD pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), mwaka wa masomo unaanza mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, kazini wamempa ruhusa na mshahara utaendelea kuingia ila zile posho za safari ndo basi tena, kwa hiyo tutaishi kwa kujibana. Tuna watoto wawili, wa kwanza wa kike ana miaka mitano yuko awali na Januari anaingia la kwanza, wa pili ana miezi saba bado ananyonya. Mimi ni fundi cherehani, kazi naweza kuhama nayo ila wateja wangu wote wako huku Tabata.

Kinachonichanganya ni wapi tukae. Dalali tuliyepewa namba yake anang'ang'ania nyumba karibu kabisa na geti la chuo, anasema mume atatembea kwa mguu na nauli tutaokoa. Ndugu mmoja anasema Kihonda, mwingine Mazimbu, mwingine Bigwa, na mimi Moro huwa napita tu kwenye basi nikienda Iringa. Alafu mama mkwe anaona bora mume aende peke yake nibaki Dar na watoto, maana siku hizi treni ipo atakuwa anakuja wikiendi. Nyie mnaonaje? Watoto wanazoea? Maji yakoje? Nisaidieni kabla hatujalipa, wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Kasoro_Bahari

Karibuni sana mji kasoro bahari. Mi naona mama mkwe ana hoja, mzee atangulie kwanza aone hali, apange chumba kimoja, mkishajua ratiba yake ndo muhame. Treni ya SGR Dar mpaka Moro inacheza kwenye masaa mawili hivi, daraja la kawaida mtu mzima 13,000, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu nauli na chini ya miaka 4 halipi. Mkienda kumtembelea mnatoka asubuhi, saa nne mnakunywa chai Moro. Ila mjue stesheni iko Kihonda sio katikati ya mji, kwa hiyo bajaji muiweke kwenye hesabu.

MamaNeema_Mazimbu

Dada MamaWawili pole na mawazo. Mimi ni mke wa mtu aliyesomea hapo hapo na tulikuja na watoto, mmoja alikuwa mgongoni, kwa hiyo naandika kwa kirefu univumilie.

Kwanza Kasoro_Bahari naheshimu mawazo yako ila mimi sikubaliani na habari ya baba kuja wikiendi. 26,000 kwenda na kurudi, wikiendi nne 104,000, bado bajaji huku na daladala kule, bado chumba chake cha kulipia na chakula cha mamantilie kila siku, hapo mnalisha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Alafu PHD haina wikiendi. Mwaka wa kwanza anaandika andiko la utafiti, baada ya hapo anaenda kukusanya data, anaweza akawa Kilosa huko au Mvomero wiki nzima, jumamosi ndo yuko na msimamizi wake au analala juu ya kompyuta. Mtoto wa miezi saba atakuwa anamuona babake kwa simu mpaka anatembea. Njooni wote. Nasema hivi kwa moyo wote.

Habari ya geti la chuo, usikubali, na dalali usimlaumu sana, anauza kile kinachomlipa. Nyumba za karibu na geti nyingi zimeshakatwa katwa vyumba vya wanafunzi, ua mmoja una mageto saba nane, choo wanachangia, na mwenye nyumba anapiga hesabu ya vichwa, maana vijana watatu wakichanga chumba kimoja kodi inalipika kirahisi, sasa wewe baba mmoja unashindana na hao watatu kwa nyumba ile ile. Wanafunzi ni watoto wazuri, wengi tunaishi nao kama wadogo zetu, ila mtu wa miaka 21 analala saa nane usiku na mwanao anataka kulala saa mbili. Mitihani ikiisha ndo mziki. Chuo kikifungwa sasa mtaa unakauka, genge linafungwa, muuza chapati anaenda kwao, unabaki wewe na watoto wako na mlinzi. Na kubwa zaidi, mwanao atakosa watoto wenzie wa kucheza nao. Mimi kipimo changu ni hicho, ukienda kuangalia nyumba nenda saa kumi jioni, kama husikii kelele za watoto hapo hapakufai.

Alafu kabla hata ya mtaa, muulize mume idara yake iko kampasi gani!! Watu wengi hawajui SUA hapa mjini ina kampasi mbili na haziko pamoja. Ile kuu iko upande wa Magadu chini ya milima, kilimo, mifugo, misitu na madaktari wa wanyama ndo wako huko. Ya pili ni Solomon Mahlangu huku kwetu Mazimbu, sayansi za kawaida na sayansi za jamii. Ukipanga karibu na geti la kampasi kuu alafu idara yake iko Mazimbu ile hesabu ya dalali ya kutembea kwa mguu imekufa.

Mazimbu mimi napapenda, sitaficha. Ni tulivu, kuna miti mikubwa na nafasi, ilikuwa shamba la mkonge, baadae serikali yetu ikawapa chama cha ANC wajenge shule ya wakimbizi wao toka Afrika Kusini, wakakaa mpaka 1992 walipoikabidhi kwetu. Wakati ule wasichana wao walikuwa wanazaa wakiwa shuleni, na badala ya kuwafukuza ANC wakaanzisha hapa hapa Morogoro kituo cha kulea wale watoto ili mama zao waendelee na masomo, kilipewa jina la Charlotte Maxeke. Nikiona leo binti wa mwaka wa pili anahangaika na kichanga, anaenda darasani kamuacha kwa jirani, huwa naumia, maana hapa hapa watu waliwahi kulifanya jambo hili vizuri na hawakuwa hata na nchi yao.

Kihonda nako ni kuzuri kwa familia, nyumba ni nyingi, shule za serikali na za binafsi zipo, na treni mnayo jirani. Angalizo langu ni moja, barabara ya Dodoma. Malori usiku na mchana. Chagua nyumba iliyo upande ule ule wa barabara na shule ya mtoto, wa la kwanza hatakiwi kuvuka ile barabara hata siku moja, hata awe na dada wa kazi.

Mzee_wa_Kola

Marahaba binti. Mama Neema kamaliza mengi, mimi niongezee maji. Moro ina milima ya Uluguru inatiririsha mito lakini mabomba ya mjini ni ya mgao, mtaa mmoja yanatoka leo mwingine keshokutwa, tumeshazoea ila mwenye kichanga atapata shida akija bila maandalizi. Ukienda kuangalia nyumba usiulize kwa mwenye nyumba, atakwambia maji hayakatiki. Angalia barazani kwa wapangaji. Ukikuta madumu yamepangwa msururu, ya njano yamejaa na mengine yamelazwa ubavu yakiwa matupu, na ndoo chini ya kila mchirizi wa bati, umeshajibiwa. Nyumba iwe na simtenki, gonga kwa ngumi kuanzia chini kwenda juu usikie maji yameishia wapi, na uulize yanajazwa na bomba au kwa boza. Kuna sehemu za Bigwa na huku juu watu wanatumia maji ya mserereko toka mlimani, yanatoka vizuri ila masika yanakuja na tope, lazima uchemshe na uchuje.

Masika hayo hayo, usipange bondeni. Kandokando ya Ngerengere na mito inayoshuka milimani kodi ni nafuu na sababu unaijua Machi mpaka Mei. Tafuta alama ya tope ukutani, hata wakipaka rangi mpya nenda nyuma ya nyumba kwenye choo, huko hawapaki.

LUKU iwe ya kwako peke yako. Wewe ni fundi, una pasi na mashine, ukichangia mita na wapangaji wengine mtagombana kila mwisho wa mwezi. Na mkataba uandikwe, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni kawaida, lakini kodi ya nyumba mpe mwenye nyumba mkononi au kwenye akaunti yake, isipite kwa dalali.

Mtoto_wa_Magadu

Umeuliza kama watoto wanazoea. Mimi nimekulia humu, baba alikuwa mhadhiri. Dada, mji wa chuo kama huu kwa mtoto ni shule nyingine kabisa ambayo hulipii ada. Sisi tulikuwa tunatumwa maziwa shamba la chuo tunamkuta ng'ombe anakamuliwa, ndama akizaliwa tunajua, tukiwaona wanafunzi wa udaktari wa mifugo wamevaa magambuti tunawafuata nyuma tunauliza maswali na wanatujibu. Nilijua mti unapandwaje kabla sijajua kusoma.

Mpeleke binti akaone panyabuku wa shirika la APOPO, wapo pale pale SUA, ndo wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB. Panya mmoja aliyefundishwa hapa anaitwa Magawa alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mtoto wa miaka mitano akiambiwa panya ameokoa watu na akamuona kwa macho yake kafungwa kamba kifuani ananusa, atawasimulia wenzie mwaka mzima.

Kinachouma ni kimoja tu, marafiki wanaondoka. Wazazi wa wenzio wanamaliza masomo wanarudi Mwanza, Songea, Zanzibar, na wewe unabaki. Kwa hiyo mtafutie pia marafiki wenyeji, watoto wa Kiluguru wa mtaani ambao hawahami, sio wale wa chuoni peke yao. Kama mnasali mpelekeni madrasa au sunday school ya mtaani, huko ndo anapata watu.

MamaWawili_Tabata

Jamani asanteni mpaka nimetokwa na machozi, MamaNeema ubarikiwe. Nimemuuliza mume, idara yake iko kampasi kuu. Sasa naomba mnisaidie mawili. Kliniki ya mdogo, kadi yake ni ya Dar, si watanisumbua? Na biashara yangu, kuna watu wa kushonesha kweli huko au nitakaa tu?

Nesi_Moro

Kadi haina mkoa mama. Kadi ya kliniki ya mtoto unaenda nayo kituo chochote cha serikali unaendelea ulipoishia na chanjo hailipiwi. Ila angalia tarehe, wako ana miezi saba, akifikisha miezi 9 kuna chanjo ya surua rubella na siku hiyo ndo anapewa na chandarua, usiiruke kwasababu mko kwenye pilika za kuhama. Ya pili ni miezi 18. Kama mtakuwa mnahama wiki ile ile, mpeleke kwanza huko Tabata achanjwe alafu mfunge mizigo. Chandarua atakihitaji, Moro mbu wapo na malaria ipo, msidanganyike na kaubaridi ka mwezi wa sita. Mtoto akichemka usimpe dawa ya dukani, apimwe, hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini na chuo nacho kina hospitali yake.

MamaNeema_Mazimbu

Kushonesha!! Mdogo wangu njoo na cherehani mbili. Mahafali ni Novemba, kila mhitimu anataka nguo na mamake anakuja na kitenge anataka kishonwe kwa siku tatu, mafundi wanazidiwa mpaka wanakataa kazi. Hapo kati kuna sare za shule Desemba na Januari. Chuo kikifungwa kazi inapungua kweli, ndo maana nakwambia ukae mtaa wa familia, wateja wako wa mwaka mzima watakuwa kina mama majirani. Wateja wa Tabata nao usiwaache, nguo zinatumwa kwa basi toka stendi ya Msamvu zinafika siku hiyo hiyo.

Kwa vile baba yuko kampasi kuu, angalieni Mafiga au mitaa ile ya kati ya mjini na chuo lakini sio mdomoni mwa geti, atapanda haisi au atembee kidogo na nyie mtakuwa karibu na Soko la Chifu Kingalu, mboga za Mgeta zinashuka fresh na bei ukitoka Dar utashangaa.

Kasoro_Bahari

Nimeelewa hoja ya mama Neema, kwa mwenye kichanga nakubali waje wote. Basi mje kuangalia nyumba mapema. Oktoba wanafunzi wakishaingia kodi zinapanda na unachukua kilichobaki.

MamaWawili_Tabata

Mapema ni lini hasa? Na shule naandikisha lini wakati tutakuwa bado hatujahama?

Mzee_wa_Kola

Agosti, ila zile siku za Nanenane zipite kwanza, kanda nzima inajaa kwenye maonyesho hapa, gesti utazikosa. Njoo katikati ya wiki sio jumamosi, ili ukute walimu shuleni na uone msongamano wa asubuhi ulivyo. Tembea na binti kwa mguu toka kwenye nyumba mpaka shuleni, kwa mwendo wake yeye, ndo utajua kama ni mbali. Uandikishaji wa la kwanza huwa unaanza Oktoba, mwone mwalimu mkuu kabisa siku hiyo ya Agosti umweleze mnahamia, na Oktoba mmoja wenu aje aandikishe hata kama mizigo bado iko Dar. Mwalimu wake wa awali huko aandike maendeleo yake, na cheti cha kuzaliwa mje nacho orijino na kopi.

MamaWawili_Tabata

Sawa baba, shukrani. Mume kesho anampigia dalali kumwambia geti la chuo hapana, tunaanzia Mafiga. Kama kuna anayejua mwenye nyumba mwaminifu huko, mwenye simtenki na LUKU ya kujitegemea, naomba aje inbox.