Boti za Lamu zinalipia barabara gani?

Mkaazi wa Amu (mwenye hoja)

Assalaam aleikum nyote, wa visiwani na wa bara. Hoja yangu ni hii: mafuta yanayochomwa baharini Lamu yasiwe yanalipia lami ya Kenya nzima. Pesa zake zirudi baharini, kwenye magati, mikondo ya kupitia vyombo, maboya na taa. Asiyekubali na aje.

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini ina ushuru wa kutunza barabara ndani ya bei yake. Ushuru huu ulianza kwa sheria ya 1993. Kuanzia 2016 ulikuwa shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 serikali ikaupandisha hadi 25, moshi wa maandamano ya Mswada wa Fedha ukiwa haujatulia. Nunua mtungi wa lita 20 uutie kwenye injini ya boti pale Mokowe, gati la bara: umeshatoa shilingi 500 za barabara kabla hujafungua kamba. Sheria yenyewe inasema pesa hizo ni za barabara za umma. Gati halimo. Mkondo haumo.

Mtu atasema basi bahari ni kazi ya kaunti. Kweli, Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti vivuko na bandari, ila si usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Lakini tazameni kanuni ya tatu ya kugawa pesa za kaunti, ile Seneti iliyoipitisha Septemba 2020 baada ya kuvutana wiki na wiki, ikatumika hadi mwaka wa fedha 2024/25. Eneo la ardhi lilipewa asilimia 8, barabara asilimia 8. Maji tunayovuka kila siku hayakupewa hata nusu. Kaunti ilikabidhiwa kazi ya bahari kwa mgao uliopimwa nchi kavu!

Na kivuko cha Likoni kule Mombasa je? Abiria wa miguu anavuka bure, gharama inabebwa na serikali. Wa Mokowe kwenda kisiwani Amu anatoa nauli, na ndani ya nauli hiyo kuna ushuru wa barabara. Nani atanieleza haki iko wapi hapo?

Dereva wa lori, Malindi

Waaleikum salaam. Watu wa Lamu nawapenda, pilau yenu nimekula, lakini hoja hii haisimami. Trekta la Witu linalima shambani na linalipa ushuru huo huo. Kinu cha kusaga mahindi kule Ganze kinachoendeshwa kwa dizeli kinalipa. Ushuru si karo, kwamba ukilipa lazima mwanao akae darasani. Kila mtu akidai chake arudishiwe, mashimo yatazibwa na nini?

Halafu mnagombania pesa ambazo hazipo. Katika hizo shilingi 25, serikali imeshaweka 7 rehani ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Sisi wenyewe wenye malori tunalia. Nyinyi mnataka kumega kilichobaki?

Na Likoni usiitaje. Pale wanavuka watu 300,000 hivi kwa siku. Kaunti yenu nzima, sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920.

Mkaazi wa Amu

Ndugu dereva, kinu hakisafiri. Boti inasafiri, na njia yake inachakaa kama yako: mchanga unajaa, boya linakatika, ngazi ya gati inaliwa na chumvi. Tofauti ni kwamba shimo lako linaonekana na waziri akipita kwa gari. Letu liko chini ya maji, na waziri anakuja kwa ndege hadi Manda.

Uchache wetu ndio sababu ya kuangaliwa, vinginevyo mfuko wowote wa umma ungeishia Nairobi na Mombasa.

Nahodha, Mtangawanda

Mimi si mtu wa vifungu, nitawaeleza njia. Kutoka Amu kwenda kisiwa cha Pate twapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakijaa, raha. Yakipwa, chombo kilichosheheni saruji na magunia ya mchele kinakaa juu ya tope, abiria wanatazamana, nawe wangoja maji yarudi. Njia ya pili ni kuzunguka nje ya Manda. Wakati wa kaskazi yawezekana, mafuta tu ndiyo yaongezekao. Kusi likishavuma, huko nje si pahali pa kumpeleka mama mjamzito.

Kwa hivyo mtu wa Pate hulipia ubovu wa njia mara mbili: kwa mafuta ya ziada na kwa saa anazopoteza. Ndipo mfuko wa saruji ukifika Faza, huko huko Pate, unakuwa na bei nyingine kabisa, kisha watu wanashangaa kwa nini darasa moja linajengwa miaka.

Twataka nini? Mkanda uwe na kina hata maji yakipwa. Maboya yenye taa. Na gati ambalo ngazi yake inafika majini wakati wote, maana kuna magati ukifika maji yametoka wamshusha bibi kizee kwa kumbeba mgongoni. Mhandisi aliyechora gati la namna hiyo alikuja wakati maji yamejaa, akapiga picha, akaenda zake.

Mkulima, Mpeketoni

Naomba mnisikilize na mimi. Lamu haikomi ufukweni. Sisi wa Mpeketoni, Hongwe na Bahari tunaishi kwa barabara. Kabla ya lami ya Lamu, Witu hadi Garsen, mvua ikinyesha embe linaozea njiani, na gari likikwama msituni hujui nani atatokea kichakani. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 hapa kwetu, hakuna wa kuniambia barabara ni anasa. Lami ndiyo iliyofanya doria zipite upesi na basi lisilale njiani. Sasa mnataka ushuru wa barabara upunguzwe upelekwe kwenye maboya?

Tena bahari ya Lamu imeshapewa pesa kuliko bahari yoyote ya Kenya ukiondoa Mombasa. Bandari mpya ile si ya maji?

Mwalimu, Faza

Mkulima, la usalama nakuunga mkono kwa mikono miwili. La bandari hapana.

Machi 2012 marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi waliweka jiwe la msingi la mradi mkubwa wa LAPSSET hapa Lamu. Bandari, reli, bomba la mafuta, barabara kuu ya Isiolo, viwanja vya ndege, vyote kwenye ramani moja. Magati yalipangwa 32. Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua la kwanza, meli CAP Carmel ikatia nanga, na matatu ya mwanzo yalijengwa kwa fedha za serikali. Uganda ilikuwa imeshachagua Tanga kwa bomba lake tangu 2016. Reli ya Lamu hatujaiona.

Kila gati lina urefu wa mita 400, kwa ajili ya meli kubwa za makontena. Mashua ya Kizingitini itafanya nini pale? Waliokuwa wakivua sehemu hizo ndio walioondolewa, na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ilisema haki zao zimevunjwa, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukihesabu bandari kama zawadi kwa wavuvi, hesabu na hukumu hiyo.

Kuna mfuko mwingine hakuna aliyeutaja. Kifungu cha 204 cha Katiba kimeweka nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20. Lamu ilikuwa katika kaunti 14 za mwanzo. Kifungu kinataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Kimesema "ikiwemo", kwa hiyo gati halijakatazwa. Lakini mwenye kupanga bajeti akisoma "barabara" atapanga barabara. Kisiwani kwetu barabara ikijengwa vizuri itakufikisha gatini mapema, ukae usubiri maji.

Mhasibu, Mokowe

Mwalimu kasema vizuri, lakini ngoja niwarudishe kwenye siasa ya pesa. Magavana na wabunge wamegombea shilingi bilioni 10.5 za ushuru huu huu: magavana wanasema barabara za kaunti zina haki, wabunge hawataki ziondoke kwenye maeneo bunge. Wamefikishana mahakamani kwa ajili ya *barabara*, jambo linalotajwa na sheria. Mnadhani mtu atasimama kati ya mafahali hao aseme "na boti pia"?

Mimi nashauri tusidai kurudishiwa pesa pampuni. Afrika Kusini wana utaratibu wa kuwarejeshea wavuvi na wakulima sehemu ya kodi ya dizeli, lakini unahitaji madaftari, risiti na wakaguzi. Hapa mtungi wa bei nafuu wa mvuvi utakuwa kwenye bodaboda kabla ya alasiri. Marekani walifanya njia nyepesi tangu miaka ya 1980: wanakadiria kodi ya mafuta ya boti, kisha fedha hizo zinakwenda kwenye mfuko wa uvuvi na usalama wa boti. Mnunuzi analipa bei ile ile, pesa tu ndiyo inageuza njia. Hiyo inawezekana kwa marekebisho madogo ya sheria, kama tuna mbunge wa kuyabeba.

Wakati tukimsubiri, kaunti haina kisingizio. Vivuko na bandari ni kazi yake tangu 2013. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Magati yaandikwe humo kwa majina na gharama, yasifichwe chini ya "miundombinu mingineyo".

Mama muuza samaki, Kizingitini

Nyote mmesema magati na sheria. Samaki wangu ananunuliwa Malindi na Mombasa, na barafu inayeyuka tukingoja maji Mkanda. Nikichelewa, tajiri anashusha bei, na hanishushii kwa sababu ya kanuni ya tatu ya Seneti. Mkulima wa Mpeketoni, embe lako na kamba wangu wanaozea njia moja. Wewe ulipata lami, nikafurahi kwa ajili yako. Mimi sikuambiwa ningoje hadi Mpeketoni ishibe.

Mkulima, Mpeketoni

Hapo umenigusa, mama. Lakini bado nasema: zitoke kwa Hazina kuu, zisitoke kwenye fungu la barabara zetu za mashambani.

Mkaazi wa Amu

Hazina kuu tumeiomba tangu baba zetu. Ninachotaka ni lita zilizochomwa baharini tu, mkulima. Za trekta lako sizigusi.

Dereva wa lori, Malindi

Basi kwa sharti hilo nakubali nusu: za baharini ziende baharini, lakini zihesabiwe na mtu asiye na boti. Na zile za jenereta za hoteli za Shela?

Nahodha, Mtangawanda

Hizo waachie wenye hoteli waje wajitetee wenyewe. Wao Mkanda hawapiti.