Kioo cha mlango kimevunjwa na wezi, niko Kigoma: cha kukata, cha gari bovu au cha kutoka Dar?

MwanaUjiji
Wakuu, habari za jioni. Wezi wamenivunjia kioo cha mlango wa nyuma kushoto, gari ni Toyota IST ya umbo la kwanza, nilikuwa nimepaki Mwanga. Nimeziba kwa nailoni na solotepu, na mvua za huku mnazijua. Njia ninazoziona ni tatu: niagize cha mtumba Dar kije na basi, kuna IST imekufa gereji moja huko Gungu, mwenyewe anauza spea, au fundi vioo wa hapa mjini anikatie cha saizi hiyo hiyo kwa nusu ya bei, kesho kiko mlangoni. Naelekea kwa huyu wa kukata. Mnasemaje?

Fundi_Katubuka
Huyo wa kukata achana naye kabisa, mkuu. Kioo cha mlango wa gari hupashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, ndiyo maana chako kimemwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Kikishapita hapo hakikatiki tena, ukijaribu kinapasuka chote. Kwa hiyo atakachokukatia ni kioo cha dirisha la nyumba. Siku ya ajali kinatoa mapande marefu yenye makali, na kiti cha nyuma ndipo wanapokaa watoto. Tena cha gari kina mbinuko kidogo, cha nyumba kimenyooka. Kitabana kwenye mipira na mashine ya kupandishia utaizika mapema.

mama_wawili
Na plastiki ngumu? Shemeji yangu aliweka kwenye Probox.

Fundi_Katubuka
Dada, hiyo ni ya kusogeza siku tu. Ukipandisha na kushusha inachunika, baada ya muda unaona ukungu. Afadhali kwenye kale kakioo kadogo kasikoshuka.

Gerezani_Spea
Niko Dar, nauza mtumba, kwa hiyo mnisikilize mkijua navutia kwangu. Ukiagiza tuma namba ya chesisi, maana IST ya umbo la pili, iliyotoka 2007, kioo chake hakiingii kwenye yako. Kushoto na kulia semeni kwa kukaa kwenye usukani, wengi hulitazama gari kwa mbele na kuletewa cha upande mwingine. Rangi pia: milango ya nyuma ya gari nyingi za Japani kioo chenyewe ni cheusi toka kiwandani, si karatasi ya tinti. Mzigo usafiri umesimama, umefungwa magodoro pande zote, usilazwe chini ya mabegi ya watu.

Kibirizi_Boy
Muuzaji hajasema jambo moja: vioo vingi vya mtumba vimechorwa namba ya gari lingine. Trafiki akikusimamisha una kioo chenye namba isiyo yako, utaeleza mpaka jioni. Omba picha ya kioo kizima kabla hujatuma hela.

Gerezani_Spea
Kweli, hilo nimeliruka.

Mzee_wa_Kasulu
Mwanangu, bima yako kubwa au ndogo? Kama ndogo, hiyo ni ya kulipa watu wengine, kioo chako haikihusu. Kama kubwa, nenda polisi leo uchukue RB, ile namba ya taarifa ya wizi, kisha uulize kiasi unachotakiwa kuanza kulipa mwenyewe. Kwa kioo kimoja huenda usipate kitu.

MwanaUjiji
Ndogo, mzee wangu. Basi nakwenda Gungu kesho.

Fundi_Katubuka
Sawa. Pitisha kidole kingo zote. Kikiwa kimemeguka hata kidogo ukingoni kiache, kinaweza kupasuka chenyewe siku ya jua kali. Wakati wa kufunga, fundi afungue kava la ndani taratibu, klipu zake ni za plastiki na zinakatika. Punje zote zitoke chini ya mlango, zikibaki zinaziba vitundu vya maji na bati linaoza. Zilizoingia kwenye reli ya kioo ndizo zinazokwaruza kioo kipya.

MwanaUjiji
Nimetoka kukiona. Kingo safi, rangi ndiyo, ila kimechorwa namba ya lile gari. Mwenyewe anasema ataniandikia karatasi ya mauziano.

Kibirizi_Boy
Akupe na kopi ya kadi ya gari, uiweke humo humo garini.